Magogo Yanayopita Kamukuywa

Kimasira, Bungoma
11 Februari 2024

Mama Kimotho, mkwe wangu mpendwa,

Salamu kutoka huku juu mpakani mwa msitu. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Mtandao wetu ni wa kupanda kilimani na kuinua mkono, na hata ukiupata, kila ninachoandika kwenye grupu ya kijiji kinamfikia chifu kabla ya kumfikia niliyemwandikia. Kwa hivyo nampa Khisa wa pikapu ya kabeji. Yeye hupita hapo kwenu Kitale kila wiki na hana haja ya kusoma mambo ya watu.

Nimechoka, Mama Kimotho. Unakumbuka ile kampuni niliyokuambia ilikuja kwa baraza mwaka jana? Walisema watavuna saipresi tu, ile iliyopandwa zamani, imekomaa, halafu watapanda mingine. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nisikudanganye. Sasa saipresi wameipita kama watu waliosahau walichotumwa. Wako ndani ya msitu wenyewe, wanakata miti ya asili, podo na mierezi, ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Wiki jana wameangusha podo kubwa juu kabisa ya chemchemi, pale bomba letu la maji linapoanzia. Maji yanatoka kwa mfereji yakiwa rangi ya chai.

Mimi ndiye mwenyekiti wa mradi wa maji, kwa hivyo ni mimi watu wanapigia kelele. Nimeenda kwa chifu, ati nimngoje afisa wa misitu. Afisa akasema mambo hayo yako Bungoma. Bungoma wakaniambia msitu ni wa Nairobi. Nairobi nimepiga simu, ikanichezea muziki mpaka salio likaisha. Sasa unaniambia niende wapi? Kwa Mungu nimeshaenda.

Nakuomba kitu kimoja. Lori zao zikishuka hapa zinafika Kamukuywa, halafu haziendi upande wa Bungoma. Zinapinda kuja kwenu. Wewe na marehemu mzee Gichuki mmekaa kwa biashara ya mbao Kitale tangu mkiwa vijana. Hakuna mwenye yadi ya mbao usiyemjua. Niulizie tu: magogo hayo yanaingia kwa nani?

Msalimie binti yangu Emmy na mumewe, Kimotho wako.

Mimi,
Jentrix Nakhumicha

*

Kitale
25 Februari 2024

Mama Emmy,

Barua imefika pamoja na kabeji mbili, asante. Sisi hapa hatujambo. Emmy yuko salama, anasaidia kwa duka na kanisani wamemweka kwa kwaya.

Nimeuliza kama ulivyoomba. Kila mtu anasema si yeye. Lakini wacha nikuambie ukweli, mkwe wangu, swali lenyewe limenichosha. Mtu akiuza mahindi haulizwi shamba. Mtu wa mbao akipita, watu wanamtazama kama amebeba mlima mgongoni. Mimi na Gichuki tumenunua miti ya wakulima, saipresi na mikaratusi iliyopandwa kwa mashamba yao, tukasomesha watoto. Tangu afariki nimemwachia Kimotho yadi, miguu yangu haitaki tena vumbi. Nilimuuliza pia. Alisema magogo mengi yanayopita mjini yanaelekea Eldoret, na mengine yanatoka Uganda.

Na nyinyi huko muwaulize vijana wenu. Kampuni haikuja na watu wa kushika misumeno kutoka mbinguni. Ni watoto wa nani wanaoangusha hiyo podo?

Nimekutumia sukari na kitenge. Emmy alikiona nikikifunga, nikamwambia nakuandikia juu ya msitu. Akatoka nje. Siku hizi amekuwa mtu wa kunyamaza, labda ni hali ya kuzoea ndoa.

Wako,
Nyaruai Gichuki

*

Kimasira
17 Machi 2024

Mama Kimotho,

Umeniuliza ni watoto wa nani. Nitakujibu, ingawa swali lako nililisoma nimesimama.

Kina mama tulikubaliana tukae barabarani. Hatukubeba panga wala jiwe. Tulibeba masufuria tupu na ndoo za hayo maji ya chai. Lori la kwanza liliposhuka, dereva akapiga honi mpaka ng'ombe wakakimbia. Bibi ya mzee Wakoli, na umri wake ule, akatandika leso katikati ya barabara akajilaza. Dereva akashuka.

"Mama, toka, mimi ni mtu wa kutumwa tu."

"Na mimi nimetumwa na mgongo wangu," mama Wakoli akamwambia. "Unataka kupumzika."

Tulicheka, Mama Kimotho, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Halafu juu ya magogo nikaona kijana amekaa na msumeno wa injini mapajani. Ni Levi. Unamjua, alicheza sana siku ya harusi ya Emmy. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, ananiita Mama. Nilimwambia, "Levi, hata wewe?" Akasema, "Mama, uliwahi kunitafutia kazi nyingine?" Mbele ya watu wote. Askari wakaja, wakatusukuma kando, lori likapita.

Lakini kampuni iliogopa, kwa sababu Jumapili iliyofuata kanisa letu lilipata zawadi kutoka kwao. Mabenchi mapya! Mchungaji Mukhisa alikuwa anayapapasa kama ndama. Yananukia podo mbichi. Nikasimama nikawaambia kina mama, "Mimi huo mti naujua, nilikuwa nakunywa maji chini yake. Siwezi kuukalia." Nikatoka nje nikakaa kwa nyasi. Wakanifuata karibu wote. Mchungaji akahubiria mabenchi na wanaume wachache, sisi tukiimba nje na mvua ikinyunyiza. Baada ya ibada akaniita, ati nimeleta mgawanyiko, nisiongoze tena nyimbo. Sawa tu.

Kitu kinachonikera zaidi ni kwamba mabenchi yenyewe ni mazuri. Fundi wake anajua kazi. Sehemu ya kuegemea imekatwa kama wimbi, na pembeni ameweka duara kama sarafu iliyozama kwa mbao. Mtu mwenye mikono kama hiyo anakosaje macho?

Endelea kuniulizia.

Jentrix

*

Kitale
8 Aprili 2024

Mama Emmy,

Nasikitika kwa kusukumwa na askari. Mvua imeanza huku vizuri, tumepanda. Mbolea mwaka huu ni shida tupu, foleni inaanza kabla jogoo hajawika na ukifika mbele unaambiwa imeisha. Nimetuma dawa ya mgongo kwa mama Wakoli.

Juu ya mabenchi sina la kusema.

Hiyo duara iko upande mmoja wa benchi au pande zote mbili?

Nyaruai

*

Kimasira
5 Mei 2024

Mama Kimotho,

Pande zote mbili.

Sasa nijibu na mimi: kwa nini unauliza?

Nimekaa na hilo swali lako karibu mwezi mzima. Nimeligeuza kila upande. Nikampigia Emmy, nikapanda kilima makusudi. Nikamuuliza, "Mama mkwe wako anajua nini kuhusu mabenchi ya kanisa letu?" Akaanza kulia. Nikamwambia zungumza. Akasema, "Mama, tafadhali usiniulize mimi," simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Huku homa ya matumbo imeingia. Bibi ya mzee Wakoli tumempeleka hospitali ya Lugulu, amelazwa, anawekewa maji kwa mshipa. Mwanamke aliyelala mbele ya lori akacheka, ameangushwa na kikombe cha maji. Na chifu bado anasema ripoti inaandaliwa.

Sitaki sukari wala kitenge. Kama unajua kitu niambie. Kama hutaki kuniambia, basi niambie hivyo hivyo, nijue niko peke yangu.

Jentrix Nakhumicha

*

Kitale
19 Mei 2024

Mama Emmy,

Hauko peke yako, ingawa baada ya kusoma barua hii huenda ukatamani kuwa.

Lile wimbi na zile duara ni za Gichuki. Kielelezo chake alikichonga tukiwa ndio kwanza tumeoana, kwa benchi la kanisa letu la kwanza hapa Trans-Nzoia. Hakuna yadi nyingine inayokata hivyo. Barua yako ya Machi nilipoifikia hapo, niliiweka chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nilitumaini utasema duara ni upande mmoja.

Nilienda yadi bila kumwambia mtu. Mbele kulikuwa na saipresi, kama kawaida. Nyuma ya banda la mashine, chini ya turubai, magogo ya podo na mierezi. Mengine mapana kunishinda urefu. Nimeishi na mbao, sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Kimotho alinikuta hapo.

"Mama, ungeniambia unakuja."

"Ili uweke turubai lingine?"

"Yana stempu, Mama. Kila gogo limegongwa stempu ya serikali. Sikuiba."

"Stempu imesema ni saipresi. Wewe mtoto wa Gichuki, huijui saipresi?"

"Nikikataa mimi, jirani atapasua kesho. Utafurahi? Wafanyakazi utawalipa na nini?"

Halafu nikamuuliza kama Emmy anajua. Akashika turubai akafunika magogo. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mwenyewe. Alijua tangu Januari. Kimotho alimwambia, "Ukimwambia mama yako, umechagua kwenu." Mtoto wako amekula chakula kwa meza yangu miezi yote hiyo akiwa amebeba jambo hilo peke yake, na mimi nikakuandikia ati anazoea ndoa. Kwa hilo naona aibu.

Yadi iko kwa jina langu. Nimewaita watu wa stima wakakata umeme, nikafunga mlango na kuwaambia wafanyakazi nitawaita kukiwa na miti halali. Kimotho amehama. Amekodi mahali upande wa pili wa mji, amechukua mashine moja na kazi ya kampuni. Emmy alikataa kwenda naye, yuko hapa na mimi. Tunakula tukitazamana kama wageni wa matanga.

Usije kupiga kelele kwa sasa. Nimepigiwa za kutosha.

Nyaruai

*

Kimasira
2 Juni 2024

Mama Kimotho,

Nimesoma yako mara nyingi. Sijapiga kelele, ila kuku wamenihama jikoni.

Asante kwa kunimegea ukweli. Asante kwa kumweka Emmy. Lakini bana, tutazame matokeo. Ulifunga mlango mmoja, magogo yamezunguka mtaa na kuingia mwingine. Msumeno haujapumzika hata siku moja huku. Jana wameanza bonde linalofuata.

Kutakuwa na baraza kubwa, wakubwa wanatoka Nairobi. Kampuni itasema imekata saipresi na karatasi zake zitasema hivyo hivyo. Sisi tutasema podo, tutaambiwa ni kina mama wa kijiji wasiojua mti. Tunahitaji mtu wa mbao asimame aseme, "Hiki ndicho kilichofika kwangu." Mtu huyo ni wewe. Njoo.

Jentrix

*

Kitale
23 Juni 2024

Mama Emmy,

Unajua unachoniomba? Unaniomba niende mbele ya serikali nimtaje mwanangu. Mwanangu wa pekee wa kiume. Wakimweka ndani, ni mimi nitapeleka chakula kwa lango la jela, si wewe.

Na nikuulize: Levi umempeleka polisi? Levi anashika msumeno mchana kweupe, kila mtu Kimasira anamwona, na anakula ugali jikoni kwako. Mbona hujamtaja kwa afisa yeyote? Kimotho amepasua mti uliokwisha anguka. Levi ndiye ameuangusha. Ukimpeleka wako, nitampeleka wangu.

Nimechoka na watu wanaotaka haki ianzie kwa nyumba ya jirani.

Nyaruai Gichuki

*

Kimasira
18 Agosti 2024

Mama Kimotho,

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba ulikuwa na haki. Sikuwahi kumtaja Levi popote.

Sasa hakuna haja. Jumanne mti ulimwangukia. Walikuwa wanaharakisha kabla ya wakubwa kuja, wakikata kwenye mteremko wenye matope, na mti ukageuka upande aliokuwa. Wenzake walipiga mayowe, sisi tulikuwa shambani tukasikia. Gari la kampuni lilikuwepo. Msimamizi akasema halina ruhusa ya kubeba mtu asiye mfanyakazi. Asiye mfanyakazi! Ati Levi aliajiriwa na mtu aliyeajiriwa na mtu. Tulimbeba kwa blanketi sisi kina mama, tukipokezana, mpaka barabara ya lami, na hapo Khisa akamwaga kabeji zake kando akampeleka Lugulu.

Madaktari wamefanya waliloweza. Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti.

Nilikaa naye. Alipoamka hakuulizia mguu. Aliuliza, "Mama, ule mti uliziba maji?" Nikamwambia anyamaze, apumzike. Akasema, "Niliambiwa nikikataa mimi, atachukuliwa mwingine." Nikakumbuka Kimotho wako alisema vivyo hivyo. Nani anawafundisha watoto wetu maneno haya?

Vijana wengine wameiweka misumeno kwa uwanja wa kampuni na kuondoka. Sasa wanakaa na sisi barabarani, bila mzaha.

Sikuombi kitu tena kuhusu baraza. Ni tarehe 12 Septemba. Nakuarifu tu kwa sababu wewe ni mkwe wangu, na Levi alicheza kwa harusi ya watoto wetu.

Jentrix

*

Kitale
22 Septemba 2024

Mama Emmy,

Ulinikumbatia pale barazani mbele ya watu hata sikupata nafasi ya kukuambia kilichokuwa moyoni, halafu nikaondoka haraka. Kwa hivyo nakuandikia.

Sikuwa nimeamua kuja. Asubuhi ile nilivaa nguo za sokoni. Emmy akaniletea zile za kanisani, akaziweka kitandani, akatoka. Nikazivaa.

Nilisimama nikataja jina langu na la yadi yangu. Nikasema nimeuza mbao maisha yangu yote, na miti iliyoletwa kwangu kwa jina la saipresi ilikuwa podo na mierezi. Wakili wa kampuni akatabasamu. "Mama, wewe mwenyewe uliipokea?" Nikasema hapana. "Basi ni nani?" Uliona. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimekuja njia yote hiyo, na sikuweza kusema neno moja tu: Kimotho. Nilikuwa tayari kukaa chini na kuwaharibia.

Halafu nikasikia sauti yake nyuma ya hema. "Aliyepokea ni mimi. Na podo nyingine ziko kwangu sasa hivi. Njooni mzione."

Mama Emmy, sikujua alikuwepo. Naapa. Nilipogeuka alikuwa amesimama kati ya vijana wenu, kofia mkononi. Alijibu kila swali: nani alileta, stempu iligongwa wapi, gari lilipita lini. Hakunitazama hata mara moja. Walipomaliza naye alipita karibu nami, karibu sana, akaenda zake. Hata "mama" hakuniita.

Ofisi zimeniita kurudia maneno yale yale, kila moja kana kwamba nyingine haipo. Ile ya kwanza wamepoteza karatasi niliyoandika. Nimewaambia nitakuja na godoro.

Kimotho ameandikisha taarifa, yuko nje, atakuwa shahidi. Hilo nimelisikia kutoka kwa watu. Simu zangu hashiki. Sijui ananichukia kwa kusema au kwa kunyamaza.

Nyaruai

*

Kimasira
10 Novemba 2024

Mama Kimotho,

Kwanza habari za msitu, ili ziishe. Amri ya mahakama imetoka: hakuna kukata msitu wa asili mpaka kesi isikizwe. Mashine zimeshuka, nimeziona kwa macho yangu zikipita Kamukuywa, watoto wakizipungia kama wageni. Usishangilie sana. Podo zilizokatwa bado zimelala kule juu, zinaoza, ati ni ushahidi, asiziguse mtu. Tumeomba watuachie hata tujenge daraja, tukaambiwa tuandike. Nimeandika. Kampuni nayo imekata rufaa. Kwa hivyo tumejipanga zamu, kina mama na vijana pamoja, tunatembea mpakani. Maji yameanza kuonyesha chini ya ndoo tena. Mama Wakoli amerudi nyumbani, anatukana watu kama zamani. Levi anajifunza magongo. Siku zingine hataki kuongea na mtu, na hakuna amri ya mahakama itakayomrudishia mguu.

Mchungaji ameniambia naweza kuongoza nyimbo. Nimemwambia nitafikiria.

Sasa, mtoto wako. Alikuja hapa juzi. Nilikuwa jikoni, na unajua desturi yetu, mkwe wa kiume haingii kwa jiko la mama mkwe wala kumkabili uso kwa uso. Akaomba kiti, akakaa nje ya ukuta. Tukaongea hivyo, mimi na sufuria, yeye na ukuta.

Alitoka kumwona Levi. Alikaa huko muda mrefu. Nikamuuliza kwa nini alikuja barazani. Akasema, "Emmy alinipigia. Aliniambia, mama yako ameenda Kimasira kusimama peke yake kwa kosa lako. Nikafunga mashine nikaja."

"Na kwa nini hukumsalimia?"

Nikasikia kiti kikisogea. Nikafikiri ameondoka.

"Niliona amekwama pale," akasema. "Aliulizwa jina langu akashindwa kulitaja. Baada ya yote niliyofanya, bado alinificha. Ningemsalimia ningelia mbele ya wale vijana."

Mama Kimotho, nilipiga mwiko kwa meza. Miezi yote hii wewe unalia Kitale ati anakuchukia, yeye analia Kitale hiyo hiyo, mitaa michache kutoka kwako, na mimi naambiwa haya kupitia ukuta wa udongo! Nikamwambia, "Nenda kwa mama yako." Akasema, "Mwambie." Nikamwambia, "Mimi si posta." Akasema, "Mama, tafadhali." Basi, nimekuwa posta.

Anakuja Jumamosi mchana. Atakuomba wewe msamaha, na Emmy pia, na Emmy ana haki ya kukataa, usimsukume. Ataomba mfungue yadi pamoja kwa miti ya wakulima. Hajui ataanzaje. Atasimama hapo mlangoni kama mgeni akitafuta maneno.

Usimngoje ayapate. Mpe chakula kwanza. Na ukianza kumgombeza kabla hajamaliza kula, nakuapia, usiniandikie tena.

Jentrix